Mwalimu wa Kwaya na Vidonge vya Mawingu

Mwalimu wetu wa kwaya hajawahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni Alto. Dada yangu ni Soprano wa Pili, na mume wangu, siku nilipompeleka kwa Mwalimu, Gesima, kumtambulisha rasmi, aliambiwa aseme "habari ya asubuhi" mara mbili, kisha akahukumiwa papo hapo: "Huyu ni sauti ya tatu iliyopotea njia." Basi na mimi sitamtaja jina. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akanipa kwa sharti moja. "Jina usiweke," akasema. "Weka sauti." Nikamwambia karatasi haina sauti. Akaniangalia kwa huruma, jinsi alivyokuwa akiniangalia zamani nikikosa noti.

Sauti yenyewe si kubwa. Ni nyembamba na kavu, ila ikisema "shh", hata mbwa wa majirani hunyamaza. Kikubwa kwake ni sikio. Mfukoni mwa shati, mahali ambapo walimu wengine huchomeka kalamu, yeye huchomeka kile chuma cha meno mawili cha kutolea sauti. Hukigonga gotini, hukisogeza sikioni, na dunia nzima inapaswa kufuata. Ng'ombe wa jirani yake analia katika noti ya la. Mashine ya kusaga mahindi ya Ikonge ilikuwa ikisaga katika mi, lakini fundi alipobadilisha mkanda ikapanda kidogo, naye akakataa kupeleka mahindi huko mwezi mzima. Mkewe alibeba gunia hadi mashine nyingine ya mbali, akilaani muziki wote tangu Daudi.

Mimi nina duka la dawa Keumbu, ng'ambo ya barabara kutoka kwa wauza ndizi. Siku ya kwanza alipoingia, kabla ya salamu, alisimama mbele ya friji yangu akainamisha kichwa.

"Friji yako imeshuka," akasema. "Inakaribia kufa."

Nilicheka. Ilikufa siku ya nne, ikiwa na dawa za watu za sukari ndani. Tangu hapo, akiingia dukani, namwacha kwanza asikilize friji mpya, kisha ndipo tunasalimiana.

Alikuwa na misemo mitatu, na mtu akiijua hiyo mitatu amemjua nusu. Wa kwanza ni "Tena. Kutoka mwanzo." Hakuamini katika kurekebisha kipande. Ukikosea ubeti wa nne, mnarudi ubeti wa kwanza, wote, pamoja na wale wasiokosea, ili muumie kwa usawa. Aliwahi kuusema huo msemo kwenye mazishi. Jeneza lilikuwa tayari kwenye kamba, wanaume sita wameinama, kwaya inaimba, na besi wakaingia wakiwa wamechelewa. Mwalimu akainua mkono. "Tena," akasema. "Kutoka mwanzo." Wale wanaume sita, ambao hawakuwa hata wanakwaya, walimpandisha marehemu juu tena. Mpaka leo familia ile husema mzee wao alizikwa mara mbili.

Msemo wa pili ni "Kwaya haifanyi mazoezi siku ya makambi." Makambi ndiyo mikutano yetu mikubwa ya kanisa ya mwezi wa nane, na kwaya nyingi hukumbuka kuimba wiki moja kabla. Sisi tulianza mwezi wa kwanza. Tuliimba kukiwa na jua, tuliimba wakati wa kuchuma chai, tuliimba wiki ambazo hapakuwa na sherehe, mgeni wala sababu yoyote. Alisema sauti hujengwa siku ambayo haihitajiki.

Wa tatu ni "Mara ya mwisho, halafu twende." Huo haukuwa na ukweli wowote. Hakuna aliyewahi kwenda. Waume walikuja kuwatafuta wake zao mlangoni mwa kanisa, wakaambiwa wasimame nyuma na kushika sauti ya tatu. Nilichumbiwa hivyo, mimi, na mwanamume aliyekuja kumchukua mama yake.

Alinifukuza kwenye kwaya baada ya miaka mitatu. Aliniita kando akasema kwa upole, "Alto, Mungu amekupa mikono mizuri sana. Nenda ukaitumie." Ndivyo nilivyoishia kusomea dawa. Watu husema niliitwa na wito. Mimi nilifukuzwa, na sijamsamehe vizuri.

Nyumbani kwake kumezungukwa na chai pande zote, na yeye haonji chai. Ni Msabato wa ile safu ya zamani, chai na kahawa kwake ni vileo vidogo. Huamka mapema, huchuma majani mpaka vidole vinakuwa vyeusi, huyapeleka kwenye kituo cha kupimia, kisha hurudi kunywa maji moto yenye limau. Nilimuuliza mara moja haoni haya kuwauzia wenzake anachokiona ni dhambi.

"Alto," akasema, "askari wa jela analala kwake nyumbani. Si kazi yake kufungwa."

Na kwa sababu hakumeza chai, hakumeza dawa pia. Kichwa kikimuuma alikifunga kitambaa. Alisema kidonge ni kwaya ya kukodi: inakuja, inaimba, inaondoka, na nyumbani kwako bado hakuna anayejua kuimba.

Sasa lazima nimlete Besi, kwa maana bila yeye hakuna ninachoeleza. Besi alikuwa rafiki yake wa miaka thelathini, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa na sauti iliyotoka chini ya sakafu. Ndiye mtu pekee aliyeweza kumcheka Mwalimu. Mwalimu akisema "mara ya mwisho", Besi aliuliza kutoka mstari wa nyuma, "Ya mwisho ya leo, ama ya mwisho ya mwisho?" Kwaya nzima ingecheka, na Mwalimu angegonga chuma chake gotini kwa nguvu zaidi ili asionekane anacheka pia. Walikuwa hivyo, mmoja anavuta, mwingine analegeza kamba.

Huku kwetu mvua ina saa yake. Asubuhi jua, mchana mawingu, alasiri inapiga, na radi zetu hazina mchezo. Watu wana mambo yao: wengine hufunika vioo, wengine hawavai nyekundu mvua ikitanda. Mwalimu aliyadharau yote. Ni yeye aliyechagua tai nyekundu za kwaya, na wazee walipolalamika akawajibu kwamba Mungu hana ugomvi na rangi.

Jumapili moja alasiri walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo alioutunga mwenyewe, wimbo wa mavuno wa beti nne. Mimi sikuwepo, lakini nimeusikia mkasa huu mara nyingi kuliko waliokuwepo. Mawingu yalikuwa yameshuka. Besi alitoka mstarini akaenda mlangoni, akashika fremu ya chuma, akachungulia nje. "Mwalimu," akasema, "hii imefika. Tufunge." Mwalimu akasema, "Mara ya mwisho, halafu twende." Besi akauliza ya leo ama ya mwisho ya mwisho. Wakacheka. Akawapa doh ya kuanzia. Wakaimba, Besi akiwa palepale mlangoni, na katikati ya ubeti wa tatu radi ikaupiga mkaratusi wa kando ya kanisa, ikaingia kwenye ule mlango. Wengine walianguka wakaamka. Besi hakuamka.

Nasema hili moja kwa moja kwa sababu halina utani ndani yake. Mwalimu alimpenda yule mtu. Na kuanzia siku ile aliamini kwamba alimuua kwa maneno matatu: mara ya mwisho.

Wazee waliolalamikia tai nyekundu hawakumsaidia. Walimkumbusha onyo lao.

Aliiacha kwaya. Akaanza kuvaa gambuti. Aliambiwa mpira hauruhusu radi kupita, basi akavaa gambuti shambani, sokoni, mezani, na kanisani akiwa na suti yake ya kijivu na tai. Mkewe aliniambia kwamba alilala nazo. Radi ikinguruma, hata ile ya mbali isiyo na madhara, aliingia chini ya kilicho karibu. Chini ya meza. Chini ya benchi, katikati ya maombi. Siku moja aliingia chini ya meza ya bibi harusi, akakaa humo na keki juu yake mpaka mvua ikapita, na bibi harusi akampa soda kwa chini kwa sababu aliwahi kuwa soprano wake. Tulicheka. Baadaye, nyumbani, hatukuweza kula.

Na kwa mjane wa Besi hakupita. Lango lao liko kwenye njia yake ya kwenda kituo cha chai, lakini alizunguka kwa juu, katikati ya michai ya watu, na kapu mgongoni na gambuti miguuni, mzunguko wa nusu saa, kila siku.

Mkewe ndiye aliyempeleka kliniki mjini Kisii. Sijui alitumia nguvu gani. Ni mwanamke mfupi, hana sikio la muziki hata kidogo, na pengine ndiyo sababu ndoa yao imedumu. Huko walimpata daktari, na mshauri ambaye Mwalimu alimwita "yule binti". Binti alimwambia kwamba tiba yake itakuwa kusimulia siku ile. Yote. Kwa sauti. Kutoka asubuhi.

Vikao vitatu vya kwanza Mwalimu hakusimulia chochote. Kikao cha kwanza alimfundisha yule binti kupumua kwa tumbo kwa sababu alikuwa akizungumzia puani. Cha pili alikaribishwa chai, akahubiri kuhusu chai mpaka saa ikaisha. Cha tatu alisikiliza feni. Binti alingoja tu. Cha nne alianza kweli, akafika pale Besi anaposhika fremu ya mlango, akainuka, akatoka mbio na gambuti zake, na mkewe akamkuta kwenye soko, amesimama kati ya nyanya.

Hapo ndipo daktari alipomwandikia vidonge. Hakutaka kabisa. Daktari alimwambia kitu ambacho Mwalimu alinisimulia baadaye, kwa kinyongo, kwa sababu kilikuwa na maana: "Mzee, moto ukizidi ugali unaungua chini na juu bado ni mbichi. Hii dawa haiji kukusahaulisha. Inapunguza moto ili upikike." Moja kila asubuhi. Kazi yake ingeonekana baada ya wiki kadhaa, si siku moja.

Vidonge hivyo ndivyo vilivyomrudisha dukani kwangu. Gesima hadi Keroka kuna maduka ya dawa, lakini katika kila moja kulikuwa na mtu aliyewahi kuimba kwake, na yeye alitaka siri. Akaja Keumbu; mimi niliyefukuzwa hakunihesabu. Alivaa koti refu la mvua, kofia ya mkewe ya shambani, miwani myeusi, na gambuti, siku ya jua kali ambayo hata mbwa walilala kivulini. Alikuwa hajavuka barabara wauza ndizi wakamtambua.

"Omwalimu, bwakire!" wakamsalimu kwa Kigusii. "Umetuletea nini?"

Alijifanya hasikii. Basi mmoja wao, aliyefundishwa naye zamani, akaanzisha wimbo wake wa mavuno kumfurahisha, bila kujua. Wenzake wakadaka. Nilimwona kupitia dirisha akisimama katikati ya barabara, mabega juu, kama mtu aliyepigwa jiwe. Kisha mmoja wao akashuka noti, vibaya sana. Mwalimu akageuka. Hakuweza kuvumilia. "Nyinyi," akafoka, "hiyo ni fa, si kitunguu!" Akaingia dukani mwangu akihema, siri yote imeisha.

"Mimi si mwendawazimu, Alto," ndiyo iliyokuwa salamu yake, hata kabla ya friji.

"Sijasema, Mwalimu."

"Mtu akimeza dawa ya huzuni, amemnyima Roho Mtakatifu kazi."

Nikamwambia kwamba wazee watatu wa kanisa lake hununua kwangu dawa za presha, na hakuna Roho aliyelalamika. Alitaka kujua ni nani. Nikakataa. Alifikiri, akagonga chuma chake gotini kwa mazoea, akainyoosha karatasi ya daktari kwenye kaunta.

Nilimweleza yote ninayopaswa kueleza. Kila siku, baada ya uji. Mdomo unaweza kukauka. Usiache ghafla. Usimgawie mtu. Hilo la mwisho lilinibidi, kwa maana huku kwetu dawa hugawanwa kama chumvi, na alikuwa ameshaniuliza kama kidonge nusu kingemtuliza soprano fulani mwenye haraka.

Miezi miwili baadaye mkewe alikuja dukani peke yake, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akavua viatu.

"Alto, mwanangu," akasema. Naye ananiita Alto, nimezoea. "Huyu mzee anameza hiyo dawa na mawingu."

"Na mawingu namna gani, Mama?"

"Anatoka nje saa sita, anaangalia juu hivi. Akiona mawingu meusi, anameza. Akiona meupe, anameza nusu. Kukiwa jua, anasema leo hapana haja. Nimemwambia hiyo si mwavuli. Ananiambia mimi sijui mambo ya hewa."

Nilishika kichwa. Na bado sikushangaa sana. Huku kila mtu hupanga siku yake kwa kuangalia juu: kuanika mahindi, kuchuma chai, kwenda sokoni. Mwalimu aliijumlisha dawa humo humo. Na kwa kuwa mwezi wa kwanza wa dawa ulikuwa mkavu, hakuwa amemeza hata kimoja kwa wiki nne. Kisha mvua ya kwanza ikapiga, akameza viwili kwa pamoja, akaingia chini ya kitanda, akakaa huko akimlaumu daktari. Hakurudi kwa yule binti. Alisema tiba imeshindwa.

Jumapili hiyo nikapanda Gesima. Nilimkuta kwenye veranda, gambuti miguuni, maji ya limau mkononi. Jua lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimetayarisha mengi ya kusema, ya kitaalamu, na yote yakanitoka. Nikamuuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, kwaya inafanya mazoezi siku ya makambi?"

Akatazama mbingu, zilizokuwa buluu tupu.

"Alto," akasema mwishowe, "huo ni wizi. Hayo maneno ni yangu."

"Ni yako. Meza."

Akataka viwili kwa pamoja, nikamkatalia. Kimoja, na kesho yake kimoja, na hiyo kesho ampigie daktari amweleze ukweli wote wa mawingu. Daktari akamwanzisha upya polepole, akamrudisha kwa yule binti. Tangu hapo mkewe alikiweka kidonge kando ya bakuli la uji, na Mwalimu akawa anakimeza akiwa ameipa mbingu kisogo, kwa makusudi, ili asishawishike.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo alinieleza wiki kadhaa baadaye, dukani, akiwa amenigeuzia mgongo, anaongea na friji. Alisema sasa anaweza kukaa kikao kizima. Anafika mlangoni, anafika kwenye doh, anapita. Ila alikuwa hawezi kulia. Machozi yalikuwa yanafika karibu kisha yanarudi.

"Nikimeza, silii," akasema. "Nisipolia mimi, Besi ataliliwa na nani?"

Nilijua sasa kwamba yale mawingu hayakuwa ujinga mtupu. Siku za jua alikuwa akijibakizia huzuni yake, ili rafiki yake asikose. Nilimwambia tu kwamba hilo nalo ni la kumwambia daktari, kwamba kipimo hubadilishwa, kwamba hakuna aliyempa dawa ili amnyang'anye Besi. Akasikiliza. Akanunua peremende kwa ajili ya mdomo mkavu, akaondoka.

Mwezi uliofuata aliingia na kifua mbele. Kipimo kilikuwa kimepunguzwa kidogo.

"Nimelia, Alto," akatangaza, mbele ya mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya minyoo. "Saa nzima. Na sikutoka kwenye ufunguo."

Kulia kwenyewe hakukumaliza kazi. Alipofika mwisho wa mkasa, amelowa, amechoka, yule binti mwembamba alimpa kitambaa, akangoja ajifute, akasema kwa sauti ya tumboni, kama alivyofundishwa: "Asante, Mzee. Sasa tena. Kutoka mwanzo."

Alinieleza hayo kwa hasira kweli. "Nimekutana na mwenzangu!" akasema. "Ameniimbisha mara kumi na nne! Mara kumi na nne, Alto, na hasamehi kipande!" Nilicheka mpaka nikaegemea rafu ya vitamini. Yule mtu aliyempandisha marehemu kutoka kaburini alikuwa amepata wa kumpandisha yeye. Na nadhani hiyo ndiyo siku alipoanza kumheshimu yule binti, kwani alisema, akitoka, kwamba huenda angefaa kuongoza soprano.

Zoezi la mwisho kutoka kwa yule binti lilikuwa lango la mjane. Aende, amsimulie yeye. Alikwenda siku ya wiki, mkewe akimsindikiza hadi langoni na kumngoja hapo. Mjane wa Besi alimsikiliza akiwa anachambua mboga za chinsaga kwenye ungo, hakuinua kichwa mpaka Mwalimu alipofika kwenye maneno yale matatu.

"Mwalimu," akamwambia, "nimekaa na huyo mtu miaka thelathini. Hata ungemfukuza angeenda wapi? Angekuja hapa kuniimbia mimi, na mimi nilikuwa nimechoka." Kisha wakalia wote wawili, na zile mboga zikachambuliwa na mkewe Mwalimu, aliyekuwa amechoka kungoja langoni.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya makambi, mkewe alinipigia simu. "Njoo Jumapili," akasema. "Mzee amerudi kwenye kwaya, wanaimba ule wimbo. Mimi siwezi kuangalia peke yangu."

Hakuna aliyeuimba ule wimbo pale kanisani tangu siku ile. Ulikatika kwenye ubeti wa tatu ukabaki hivyo. Nilifika alasiri, nikaketi benchi la nyuma na mkewe, ambaye alikuwa ameleta gambuti kwenye mfuko wa plastiki, endapo zingehitajika. Mwalimu alikuwa amevaa viatu vya ngozi. Vilikuwa vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, na alisimama juu yake kwa tahadhari, kama mtu aliyeviazima.

Mstari wa besi ulikuwa na watu watano. Wa tano alikuwa mjane. Ana sauti nzito, na kile kipande alikisikia nyumbani kwake kikifanyiwa mazoezi kwa miaka yote hiyo, jikoni, bafuni, kwa ng'ombe. Hakuna aliyemwalika. Aliingia tu akasimama pale, na Mwalimu hakumwambia kwamba wanawake hawaimbi besi.

Nje mawingu yalishaanza kushuka. Mwalimu aliyaona. Nilimwona akiyaona. Akakigonga chuma gotini, akatoa doh, ileile, wakaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda. Wa tatu, mahali palepale, ikanguruma. Haikuwa karibu sana, lakini mabati yalitikisika na mkewe akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Mkono wa Mwalimu ulisimama hewani. Kwaya ikashikilia noti, macho yote kwake, watu wazima wameishiwa pumzi na hawathubutu kuachia. Nikamwona akimtazama mjane, na mjane akimtazama yeye, hajaacha kuimba. Mkono ukashuka. Wimbo ukaendelea.

Basi watu wa sauti ya tatu, kwa furaha, wakaingia ubeti wa nne mapema. Ilikuwa aibu. Soprano wakawafuata, alto wakabaki nyuma, besi wakagawanyika, na wimbo ule wa miaka mingi ya mazoezi ukafika mwisho ukichechemea, kila mtu kwa wakati wake. Lakini ulifika.

Taya la Mwalimu lilikuwa likitembea. Sote tulijua kinachokuja, hata mimi niliyefukuzwa. Wengine walishajipanga upya na kurudisha vitabu ukurasa wa kwanza. Ikanguruma tena. Mwalimu akatazama mlango ule, akautazama sana, kisha akakirudisha chuma chake mfukoni mwa shati.

"Inatosha," akasema. "Nendeni nyumbani."

Hakuna aliyetikisika. Hakuna aliyejua inavyofanywa. Ilibidi apige makofi. "Nendeni! Mvua inakuja!" Ndipo watu wakakimbilia vitabu na miavuli, mjane akiwa mbele yao wote, akipita kwenye ule mlango bila kuushika.

Mimi nilichelewa kutoka kwa sababu nilikuwa natafuta leso yangu. Mwalimu alikuwa anafunga madirisha, moja baada ya lingine, bila haraka, na radi inanguruma juu ya chai. Mkewe alikuwa anamngoja na ule mfuko wa gambuti kwapani, haujafunguliwa.

"Alto," akaita, bila kugeuka. "Ulikuwa unaimba huko nyuma."

"Kidogo, Mwalimu."

"Ulishuka."

"Najua, Mwalimu."

Akafunga dirisha la mwisho, akalijaribu kwa kidole kama limekaa. "Nenda nyumbani," akasema.